Tia Waya Mpya, Lakini Kanda Usitupe

Ukipita Keroka, Nyansiongo, Ikonge, au Nyamira mjini penyewe, utaona kwamba bado yapo magari ya zamani ya aina ya vani ambayo wenyewe hawajakata tamaa nayo. Ni Toyota Hiace, ni Nissan Caravan, ni Town Ace. Mengine yalikuwa matatu enzi zake, yakastaafu, na sasa yanabeba jamaa. Jumamosi yanakwenda kanisani, siku za kazi yanapeleka ndizi sokoni, na mwezi wa Disemba yanakwenda Nairobi kuwachukua wajukuu.

Magari hayo ni kama wazee wenye afya. Injini hutengenezwa ikaendelea, bodi hupigwa rangi ikang'aa. Lakini kipo kiungo kimoja ambacho wenye magari wengi wanaona kimepitwa na wakati kabisa. Kiungo hicho ni redio. Redio ya gari la namna hiyo ina mdomo wa kanda ya kaseti, wala haina mahali pa kuunganisha simu.

Vijana wa nyumbani wananung'unika. Nyimbo zao zimo katika simu, na simu haiingii katika mdomo wa kanda. Basi baba analipeleka gari kwa fundi wa jua kali. Fundi anang'oa redio nzima na kutia nyingine yenye kioo kama cha televisheni. Ile ya zamani inatupwa chini ya meza, na sanduku la kanda lililokuwa chini ya kiti linafuata njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Waya wa simu na utiwe, tena utiwe vizuri. Lakini kumng'oa mwenyeji kwa sababu mgeni amebisha hodi si ustaarabu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika jambo hili msala unapita upesi kuliko watu wanavyodhani.

TUNDU LENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya kitu kinachotafutwa. Redio mpya zina tundu dogo la duara, upana wake milimita tatu na nusu, lililoandikwa herufi tatu: AUX. Kazi yake ni nyepesi. Linapokea sauti kutoka chombo kingine na kuipeleka kwenye kikuza sauti cha redio, kisha kwenye spika za gari. Halina akili yoyote ndani yake. Ni mlango tu.

Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 hayakuwa na mlango huo, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mgeni wa kuupitia. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na kwa muda wa miaka thelathini hivi ndiyo iliyotawala katika magari. Sahani ya CD ilikuja mwaka 1982, lakini kwetu ilichelewa, na barabara zetu za mashimo hazikuipenda sana. Mtu aliyenunua vani siku zile alinunua na mdomo wa kanda, akatosheka.

Sasa, zipo njia nne za kumkaribisha mgeni bila kuvunja nyumba.

Njia ya kwanza ni kaseti ya uongo. Hii ina umbo la kaseti ya kawaida na waya mrefu unaotoka ubavuni. Ndani yake hamna utepe. Mna kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha kusomea kilichomo katika redio. Simu ikitoa sauti, kichwa kile kinatoa mawimbi ya sumaku, na redio inasoma ikidhani inasoma utepe. Hakuna msumari wala bisibisi. Ukichoka unaichomoa, unatia kanda yako ya kwaya, safari inaendelea.

Njia ya pili ni kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambacho hurusha sauti ya simu kwa mawimbi ya FM ili redio iidake kama stesheni. Ndicho kinachouzwa sana mijini, na ndicho kinachowapa watu taabu. Sababu nitaieleza.

Njia ya tatu hufaa redio chache za mwisho wa miaka ya 1990 na baada yake, ambazo nyuma zina tundu la kuunganishia kisanduku cha kubadilishia CD. Mara nyingi tundu hilo linaweza kupokea sauti ya simu likipata waya unaolingana nalo.

Njia ya nne ni ya fundi wa kweli. Fundi anaifungua redio, anatafuta mahali ambapo sauti inaingia kwenye kitufe cha kuongezea na kupunguzia sauti, na hapo analehemu waya uliofunikwa vyema, pamoja na swichi ndogo ya kuchagua kati ya kanda na simu. Kazi hii ikifanywa vizuri huwezi hata kujua kwamba gari halikuzaliwa na tundu hilo.

Lakini fundi asiwe wa kubahatisha. Kichwa cha kanda hutoa umeme hafifu mno, na simu hutoa umeme mwingi zaidi kwa mara nyingi sana. Anayeunganisha simu moja kwa moja na nyaya za kichwa cha kanda atapata sauti inayokoroma kama ng'ombe mgonjwa. Anayeunganisha upande wa kulia na wa kushoto wa simu katika waya mmoja bila kutia vizuizi vya umeme anaisumbua simu. Na anayekata nyaya za redio bila kuziwekea alama, huyo hafai kuachiwa gari la mtu.

REDIO ILIYOZALIWA JAPANI

Nimesema kile kidude cha mawimbi kinawapa watu taabu. Kisa na maana ni hiki. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, kwa sababu Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Lakini katika redio hatufanani. Kule Japani stesheni za FM zilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Hapa Kenya zinaanzia karibu na 88 hadi 108.

Kwa hiyo redio ya vani iliyotoka Yokohama hukutana na hewa ya Kenya katika kipande chembamba tu, karibu na 88 mpaka 90. Stesheni nyingi za nchi hii ziko juu ya kipande hicho. Ndiyo maana utamkuta mtu ana gari zuri, naye akitaka kusikia habari za lugha ya mama inambidi aweke redio ya betri juu ya dashibodi. Wapo wanaotia kifaa cha kuteremsha masafa ili stesheni za juu zisikike kwa namba za chini. Kinasaidia, lakini si kila stesheni itakubali kuteremka.

Kile kidude cha simu nacho kinategemea kipande hicho hicho chembamba. Lazima kirushe sauti mahali ambapo redio inaweza kusikia, na mahali hapo hapo lazima pawe pakavu, pasiwe na stesheni. Mahali pakavu katika vilima vya Nyamira si lazima pawe pakavu Narok, na Mai Mahiu nako ni hadithi nyingine. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yanavyoona, kwa hiyo mlima mmoja ukiisha, stesheni nyingine inatokea. Safari ya Nairobi mpaka Nyamira ni karibu kilomita mia tatu. Dereva anayelazimika kuchezea namba njia nzima, mkono mmoja kwenye usukani, anaihatarisha familia yake kwa ajili ya wimbo.

Ndiyo sababu ninasema waya ni bora kuliko hewa. Kilicho ndani ya waya hakiibwi na mlima.

Upo ugonjwa mmoja wa waya ambao yafaa utajwe. Ukichaji simu kwenye gari na papo hapo ukaiunganisha na redio, huenda ukasikia mlio kama wa nyuki unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Huo ni umeme wa altaneta unaozunguka kupitia nyaya mbili za chini zilizokutana. Dawa yake ni kifaa kidogo chenye vibuyu viwili vya nyaya kinachotiwa katikati ya simu na redio. Kinapitisha sauti na kuzuia mzunguko. Au basi, acha kuchaji wakati unasikiliza. Si jambo la kumfanya mtu ang'oe redio.

KILICHOMO NDANI YA SANDUKU

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mtu atauliza, kwa nini mwandishi huyu anatetea kanda za plastiki zilizojaa vumbi?

Ninazitetea kwa sababu ya kilichomo. Fungua sanduku la kanda la nyumba yoyote ya Nyamira iliyokuwa na gari au redio kubwa ya betri miaka ya 1980. Utakuta kanda za kwaya za Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi katika sehemu hizi. Utakuta benga ya Kisii, labda na marehemu Christopher Monyoncho. Ukibahatika utakuta obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi nane ambayo sauti yake nzito hutetemesha kifua kabla ya kufika masikioni. Na chini kabisa ya sanduku utakuta kanda zisizo na picha wala jina la kampuni, zimeandikwa kwa kalamu tu: arusi ya fulani, mazishi ya babu, barua ya sauti kutoka kwa mwana aliyekwenda ng'ambo.

Vijana husema, "Mzee, nyimbo zote ziko kwenye simu siku hizi." Hilo ni kweli kwa nyimbo zilizopata bahati. Nyimbo zenye jina mtu fulani amezipandisha kwenye intaneti. Lakini kwaya ya kanisa moja la kijijini, iliyorekodi kanda chache na kuziuza kwa waumini mlangoni, nani ameipandisha? Na sauti ya nyanya akimtolea bwana arusi nasaha kwa Ekegusii cha ndani, kile ambacho hata wazazi wa leo hawakimalizi, imepandishwa wapi? Simu haiwezi kuleta kile ambacho hakuna aliyeipa.

Tusisahau pia kwamba zamani hewa haikuwa na nafasi kubwa ya lugha zetu. Sauti ya Kenya, iliyobadilishwa jina ikawa KBC mwaka 1989, ilizigawia lugha za magharibi mwa nchi saa zake, kila moja kwa zamu. Stesheni za watu binafsi zinazotangaza kwa lugha za mama hazikuja mpaka karne ilipogeuka. Kameme FM ilianza kwa Kikikuyu mwaka 2000, na baadaye Wagusii nao wakapata Egesa FM. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kusikia lugha yake kwa saa nzima alikuwa na kanda. Kwa hiyo kanda hizo ndizo maktaba ya sauti ya kizazi kizima, na maktaba hiyo iko chini ya viti vya magari.

Nayo maktaba inaoza. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita nne na wembamba kama ngozi ya kitunguu. Joto la gari lililoanikwa juani linaukunja. Belti za mpira ndani ya redio hulegea, na kigurudumu cha kuvutia utepe hukauka. Mtu anayetupa chombo cha mwisho kilichoweza kuzisoma kanda hizo ndani ya boma lake anaufunga mlango wa maktaba na kumeza ufunguo.

MSALA UPITAO

Huenda mtu akasema kwamba ya kale yamepita, na kila kizazi kina chombo chake. Sawa. Basi na atazame chombo chake mwenyewe. Lile tundu la AUX ambalo vijana wanaliona ndiyo usasa, tayari limeanza kuzeeka. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 7 bila tundu la visikizio, na kampuni nyingine nyingi zikafuata. Leo wako watu wenye magari yenye AUX na simu zisizo na pa kuuchomeka waya. Wananunua kifaa cha Bluetooth cha kuwaunganisha wawili hao, kama mshenga anayekwenda kati ya nyumba mbili zisizosikilizana.

Hivyo ndivyo vyombo vilivyo. Anayemtupa mwenyeji kila mgeni anapofika atabaki akitupa maisha yake yote, na kila anapotupa kuna sauti zinazokwenda pamoja na chombo. Mwenye busara huongeza. Anaacha mdomo wa kanda, anatia tundu pembeni, na tundu hilo kesho litapokea Bluetooth, na kesho kutwa chochote kitakachokuja. Gari moja linaweza kubeba vizazi vitatu vya vyombo kama linavyobeba vizazi vitatu vya watu.

NANI MWENYE SAUTI?

Liko jambo jingine ambalo halihusu nyaya. Redio ya kanda ilikuwa ya wote. Sanduku lilipitishwa toka kiti cha mbele mpaka cha nyuma, kila mmoja akachagua, na kanda ikishaanza ilikuwa lazima kuivumilia nusu saa mpaka upande uishe. Watoto walisikiliza nyimbo za wazazi kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuziruka. Wakalalamika, lakini wakazijua. Na wazazi nao wakazivumilia za watoto.

Simu ni ya mtu mmoja. Anayeshika waya ndiye mwenye gari kwa wakati ule, hata kama ana miaka kumi na minne na nyanya yake amekaa nyuma yake. Wimbo ukimchosha baada ya sekunde ishirini anaurusha. Nyanya hajui jina la mwimbaji, hajui namna ya kuomba, naye ananyamaza. Safari ya kilomita mia tatu inapita, na yule mwenye maneno mengi kuliko wote ndani ya gari hajasema wala hajasikia neno lake.

Wajukuu wengi wa Nairobi hufika Nyamira mara moja au mbili kwa mwaka. Ekegusii wanakisikia kidogo, wanakisema kidogo zaidi. Saa sita ndani ya vani ndiyo darasa refu kuliko yote wanayoyapata. Tukiwaachia saa hizo zote zijazwe na nyimbo zile zile wanazozisikia Nairobi, tusije tukashangaa wanapomsalimia babu kwa Kiingereza mlangoni.

Wala sisemi nyimbo za vijana zizuiwe. Gari lisilo na wimbo wa kijana ni gari la mazishi. Ninasema pawe na zamu. Toka Nairobi mpaka Narok simu ya kijana. Toka Narok mpaka Bomet kanda ya kwaya. Toka Sotik kupanda mpaka nyumbani, na iwe obokano au benga, na watoto waulize maneno yale yana maana gani. Dereva asiguse chochote. Mchezaji wa muziki awe anayekaa kando yake.

MASHAURI KWA MWENYE GARI

Kwanza, kabla hujamwachia fundi funguo, mwulize kama redio yako inacheza kanda. Ikiwa inacheza, anza na kaseti ya uongo. Bei yake ni ndogo, na huenda usihitaji kingine.

Pili, ukitaka tundu la kudumu, mwambie fundi alehemu wala asikate, na atie swichi ili kanda ibaki hai. Ikibidi kabisa redio itoke, ichukue uende nayo nyumbani. Ni yako.

Tatu, itumie mlango huo huo kuokoa maktaba. Kanda inaweza kuhamishwa kwenye simu au kompyuta kupitia waya unaotoka kwenye tundu la visikizio la redio ya nyumbani. Zungusha kanda mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, na ufute kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Hakuna njia ya mkato: upande wa dakika thelathini huchukua dakika thelathini. Na wakati unacheza, mkalishe mzee kando yako. Mwulize ni nani anayeimba, ni wapi, ni mwaka gani, kisha uandike. Sauti isiyo na jina ni yatima.

Nne, baada ya kuihamisha, kanda yenyewe usiitupe. Simu huibwa, huanguka chooni, hufutika. Kanda iliyowekwa mahali pakavu penye kivuli inaweza kungoja.

Fundi atakwambia kwamba redio mpya yenye kioo ni ya kisasa zaidi, na katika hilo hasemi uongo. Lakini yeye anatazama dashibodi tu. Aliye chini ya kiti, ndani ya sanduku, akiimba na kutoa nasaha kwa lugha ambayo wajukuu wako wanaihitaji, fundi hamjui. Wewe unamjua. Yule mwenye sauti pengine ameshazikwa Magombo au Ekerenyo, na hatarudi kurekodi tena.